Reichstein: Mwanakemia aliyewaachia vijidudu kazi ngumu

KILA siku mjini Isiolo, kina mama hupanga mitungi ya maziwa ya ngamia kando ya barabara wakisubiri mabasi yatakayoifikisha Eastleigh, Nairobi, kabla maziwa hayajaharibika. Wafugaji wa nyika za kaskazini wameishi kwa maziwa hayo karne baada ya karne, katika nchi ambayo chungwa ni tunu na mboga za majani huonekana msimu wa mvua tu.

Hata hivyo, kiseyeye, maradhi ya kuoza fizi yaliyowaua mabaharia wa Ulaya kwa maelfu, hayakuwamaliza watu hao. Sababu mojawapo ni kwamba maziwa ya ngamia yana vitamini C takriban mara tatu ya ile iliyomo katika maziwa ya ng'ombe.

Ngamia huitengeneza vitamini hiyo mwenyewe ndani ya ini lake, sawa na mbuzi na kondoo. Hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kikisaidiwa na oksijeni ile ile tunayoivuta. Binadamu alikipoteza kimeng'enya hicho zamani za kale. Tangu hapo amekuwa mwombaji mbele ya wanyama na mimea.

Mtu aliyefanya zaidi ya wengine kumwondolea binadamu uombaji huo ni Tadeus Reichstein, mwanakemia wa Uswisi aliyefariki mjini Basel Agosti 1, 1996 akiwa na umri wa miaka 99. Ni wachache Isiolo wanaolitaja jina lake. Lakini mambo matatu aliyoyashughulikia maishani yapo hapa kwetu: vidonge vya vitamini C katika maduka ya dawa, dawa za jamii ya kotisoni hospitalini, na mti wa msunguti ambao wawindaji wa Kiwata na majirani zao walichemsha magome yake kupata sumu ya mishale.

Swali lililoyafunga mambo hayo matatu pamoja ni moja. Mwanakemia ataifikishaje oksijeni mahali pamoja tu ndani ya molekuli kubwa bila kuichoma molekuli yote?

Reichstein alizaliwa Julai 20, 1897 mjini Włocławek, Poland, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba alikuwa mhandisi, na miaka ya awali ya mtoto huyo ilipita mjini Kiev alikokuwa akifanya kazi baba yake.

Alipelekwa shule ya bweni mjini Jena, Ujerumani, kisha familia ikahamia Zurich. Huko alipata elimu iliyobaki, akawa raia wa Uswisi, na mwaka 1916 akajiunga na taasisi kuu ya ufundi ya nchi hiyo kusomea kemia. Alihitimu 1920, akafanya kazi viwandani kwa muda mfupi, halafu akarudi kuandika tasnifu ya udaktari chini ya Hermann Staudinger.

Msomaji anayekunywa kahawa ya Meru asubuhi atafurahi kusikia kilichofuata. Kuanzia 1922, kwa fedha za kampuni moja, Reichstein alitumia takriban miaka tisa akitafuta asili ya harufu ya kahawa iliyokaangwa. Aligundua kwamba harufu hiyo haitokani na kitu kimoja bali ni mkusanyiko wa vitu vingi mno, vikiwemo vyenye salfa ambavyo vikizidi hunuka vibaya, lakini vikiwa kidogo sana hutoa ile harufu inayowaamsha watu. Ilikuwa kazi ya subira isiyompa sifa kubwa. Ilimfunza, hata hivyo, kutenganisha vitu vilivyomo kwa kiasi kidogo kupindukia, ustadi ambao baadaye ulimletea Tuzo ya Nobel.

Kazi ya kahawa ilipokwisha mwaka 1931, alikuwa huru kuchagua utafiti wake. Wakati huo dunia ya sayansi ilikuwa mbioni. Albert Szent-Györgyi, mtafiti wa Hungary, alikuwa amepata mwaka 1928, kutoka tezi za ng'ombe zilizo juu ya figo, tindikali ambayo baadaye ilithibitika kuwa ndiyo vitamini C. Kilichobaki kilikuwa kuiunda maabarani.

Reichstein mjini Zurich na kundi la Norman Haworth mjini Birmingham, Uingereza, walifanikiwa mwaka huo mmoja wa 1933, kila upande kwa njia yake. Haworth na Szent-Györgyi walipewa Nobel mwaka 1937, mmoja ya kemia na mwingine ya tiba. Reichstein hakupata kitu safari hiyo.

Njia yake ya kwanza, kusema kweli, ilikuwa ya maabara tu. Ilianzia kwenye sukari adimu sana na ilihitaji sianidi, sumu ambayo hakuna mwenye kiwanda angependa kuimimina kwa mapipa. Reichstein alijua kwamba kama vitamini hiyo ingewafikia watu maskini, ingebidi ianze na kitu rahisi kama glukosi, sukari inayopatikana kutokana na wanga wa mahindi au viazi.

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze shida yenyewe. Uoksidishaji, kwa lugha ya kawaida, ni kukiongezea kitu oksijeni au kukinyang'anya hidrojeni. Chuma kinachoota kutu kinaoksidishwa. Kiazi kilichomenywa kikageuka rangi kinaoksidishwa, na majani ya chai katika viwanda vya Meru hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba kwa sababu vimeng'enya vyake vyenyewe vinayaoksidisha baada ya kusagwa.

Mwanakemia wa zamani alipotaka kuoksidisha kitu, alichukua pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau inayotumika kuoshea vidonda, au misombo ya kromiamu. Kemikali hizo zina nguvu lakini hazina macho. Hushambulia kila mahali panaposhambulika, na kazi ikiisha huacha tope la metali linalotakiwa kutupwa mahali fulani, aghalabu mtoni.

Glukosi ikiongezewa hidrojeni huwa sorbitoli. Molekuli ya sorbitoli ina sehemu sita zinazofanana sana, kila moja ikiwa tayari kuoksidishwa. Reichstein alihitaji ibadilishwe moja tu kati ya hizo sita, ili ipatikane sukari iitwayo sorbosi. Kwa pamanganeti hilo halikuwezekana.

Mfaransa Gabriel Bertrand alikuwa ameonyesha tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwamba bakteria wanaogeuza mvinyo kuwa siki huweza kufanya badiliko hilo bila kukosea. Ndani yao mna kimeng'enya ambacho huishika sorbitoli kama kufuli linavyoshika ufunguo wake, kikaigusa sehemu ile moja na kuziacha tano nyingine. Ila bakteria ambao Reichstein aliwapata kwanza kutoka maabara nyingine walikataa kufanya kazi.

Masimulizi yake mwenyewe ya kilichofuata yamerudiwa mara nyingi, na hayachoshi. Alichukua bilauri chache, akatia mvinyo, sukari na siki kidogo, akaziweka nje ya dirisha na kwenda zake mapumziko ya mwisho wa wiki. Aliporudi alikuta vinywaji vimekauka, na katika bilauri moja nzi mdogo wa matunda alikuwa amezama. Fuwele nyeupe zilikuwa zimechanua kutoka mguuni mwa nzi huyo. Zilikuwa sorbosi safi. Nzi alikuwa amebeba bakteria waliotakiwa.

Mwaka 1934 Reichstein na mwenzake Andreas Grüssner walitangaza njia nzima, kutoka glukosi hadi vitamini C, na hatua hiyo ya bakteria ndiyo iliyokuwa kiungo chake. Kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Basel, ambayo mwanzoni ilisitasita, ilinunua haki na kuanza kuuza vitamini hiyo mwaka huo huo kwa jina la Redoxon. Njia ya Reichstein ilitawala viwanda vya dunia kwa zaidi ya nusu karne.

Haikuwa safi kabisa, na ni haki kulisema hilo katika habari kama hii inayoelekea kumsifu mtu. Baada ya bakteria kumaliza zamu yao, hatua zilizofuata zilirudi kwenye desturi ya zamani. Sorbosi ilifungwa kwa asetoni ili sehemu zake nyingine zisiguswe, ikaoksidishwa kwa pamanganeti, halafu ikafunguliwa tena. Baadaye viwanda vilitumia kemikali za jamii ya dawa ya kupaushia nguo, lakini mzigo wa viyeyushi na maji machafu ulibaki.

Waliouondoa mzigo huo ni Wachina. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Beijing walitafuta bakteria wa pili anayeweza kuoksidisha sorbosi yenyewe. Walimpata, ingawa alikuwa dhaifu na hakustawi bila kuwekwa pamoja na bakteria mwingine anayemsaidia kukua. Kwa jozi hiyo, asetoni na pamanganeti havikuhitajika tena katika hatua hiyo. Roche yenyewe ilinunua haki ya njia hiyo katika miaka ya 1980, na leo sehemu kubwa ya vitamini C ya dunia hutoka China. Kidonge cha njano kinachotafunwa na mtoto wa Isiolo aliyeshikwa na mafua kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimepita mikononi mwa vijidudu mara mbili kabla ya kufika kwake.

Turudi kwa Reichstein. Mwaka 1938 alihamia Chuo Kikuu cha Basel kuwa profesa wa kemia ya dawa, na huko akabaki hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa tayari amezigeukia tena tezi zile zile za juu ya figo, safari hii akitafuta homoni zake. Mnyama au mtu akiondolewa tezi hizo hufa, na hakuna aliyejua barabara ni kitu gani ndani yake kinachoshikilia uhai.

Tani moja ya tezi hizo ilikusanywa kutoka kwa ng'ombe wapatao 20,000. Mfugaji wa hapa anayejua uzito wa kumpoteza ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi na auwaze umati huo. Kutokana na tani hiyo ilibaki takriban kilo moja ya dutu iliyokolezwa, na ndani yake Reichstein na wasaidizi wake walichambua steroidi moja baada ya nyingine hadi karibu 30. Nyingine zilikuwa za miligramu chache tu. Ustadi wa kahawa ulikuwa umerudi kazini.

Moja ya steroidi hizo ndiyo iliyokuja kuitwa kotisoni. Edward Kendall wa Marekani aliipata pia kwa upande wake. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench alimdunga nayo mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache mgonjwa huyo alikuwa akitembea. Reichstein, Kendall na Hench waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1950.

Furaha hiyo ilizaa dhiki. Wagonjwa walikuwa mamilioni, na dawa haikuwepo. Kampuni ya Merck iliitengeneza kotisoni kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, na mwaka 1949 gramu moja iliuzwa kwa dola 200. Kizuizi kikubwa kilikuwa kile kile cha zamani. Kotisoni inahitaji oksijeni kwenye kaboni ya 11, pembe iliyojificha katikati ya molekuli, na hapakuwa na kemikali ya kuifikia moja kwa moja. Katika nyongo, oksijeni hukaa kwenye kaboni ya 12, jirani yake. Kuihamisha nyumba moja tu kuligharimu nusu ya safari.

Hapo ndipo Afrika ilipoingia. Maabara ya Reichstein ilikuwa imebobea katika sumu za mishale za bara hili, na ilikuwa imethibitisha kwamba mbegu za mtambaazi uitwao Strophanthus sarmentosus zina dutu ambayo tayari imebeba oksijeni kwenye kaboni ile ya 11.

Mimea ya jamii hiyo haikuwa migeni kwa Wazungu. John Kirk, aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar, aliionja bila kukusudia akiwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, pale mswaki wake ulipochanganyika na sumu mfukoni, akaona mapigo ya moyo yakipungua.

Mwaka 1949 misafara kutoka Marekani na Uingereza ilimiminika Afrika kutafuta mbegu hizo. Magazeti ya nje yaliandika kana kwamba bara zima lingegeuka shamba la kotisoni. Lakini mtambaazi huo ulikuwa mkaidi. Hukua polepole, na uchambuzi wa Basel ulionyesha kwamba mimea inayofanana kwa sura hutofautiana kwa kemia, hivi kwamba mbegu za eneo moja zilikuwa na dutu hiyo na za eneo jingine hazikuwa nayo hata chembe.

Mashindano yalimalizwa na dirisha jingine. Katika kampuni ya Upjohn mjini Kalamazoo, Michigan, Durey Peterson na Herbert Murray waliacha sahani yenye chakula cha vijidudu kwenye ukingo wa dirisha la maabara, na kilichoota humo kilikuwa ukungu wa jamii ya Rhizopus, ndugu wa ule unaoota juu ya mkate uliolala. Mwaka 1952 walitangaza kwamba ukungu huo ukipewa homoni ya projesteroni huweka oksijeni kwenye kaboni ya 11 kwa hatua moja, ukiitoa oksijeni hiyo hewani.

Projesteroni yenyewe ilitoka katika viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Bei ya kotisoni ikaporomoka hadi dola chache kwa gramu, na mbegu za Afrika zikasahauliwa kabla hazijauzwa.

Je, tulinyang'anywa bahati? Mwandishi huyu amelitafakari swali hilo kwa muda na anaegemea upande wa hapana. Bei ya dola 200 kwa gramu isingemfikisha mgonjwa yeyote wa pumu wa Isiolo kwenye dawa hiyo, na tunajua kwa mti wa msandali yanayoipata misitu yetu pale wanunuzi wa nje wanapohitaji kitu kwa pupa. Pengine ukungu ule wa Michigan uliiokoa mitambaazi hiyo. Walakini Mexico ilijenga kwa viazi vyake kiwanda kizima cha homoni, nasi hatukujenga chochote.

Leo prednisoloni, haidrokotisoni na deksamethasoni, zote za ukoo wa kotisoni, zimo katika zahanati za kawaida. Ya mwisho ndiyo iliyothibitika Uingereza mwaka 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa Covid-19. Urahisi huo una upande wake mbaya, kwani steroidi hizo hizo huchanganywa kwa siri katika krimu za kujichubua zinazouzwa vichochoroni.

Kuhusu msunguti, ambao Wasamburu huuita lmorijoi, Ulaya iliufahamu kupitia pembe ya Afrika. Mfaransa Arnaud aliitenga sumu ya mti wa jamii hiyo mwaka 1888, na jina la kitaalamu la sumu hiyo, wabaini, limetokana na neno la Kisomali waabaayo. Reichstein na wasaidizi wake waliendelea kuchambua jamii za mti huo katika miaka ya 1950.

Kilichomvutia zaidi kwa sumu hizo kilikuwa uhusiano wake na wanyama. Mwaka 1968, pamoja na Mwingereza Miriam Rothschild na wenzao, alionyesha kwamba kipepeo wa Marekani aitwaye monaki hujikinga na ndege kwa sumu za moyo alizozila kwenye majani akiwa kiwavi. Watafiti wa hapa Kenya waliongeza kisa cha ajabu zaidi mwaka 2011: kuna panya mwenye manyoya ya kusimama ambaye hutafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, na mbwa amwumaye huweza kufa. Reichstein hakuishi kukisikia.

Alistaafu ukurugenzi wa taasisi mwaka 1967 na hakupumzika. Alihamia kwenye makangaga, mimea isiyo na maua inayopenda vivuli na unyevu, akawa bingwa wa kutambua machotara wake kwa kuhesabu kromosomu, na kuandika makala nyingi za fani hiyo mpya kwake akiwa na umri ambao wengi hukaa barazani. Mwaka 1968 Shirika la Kifalme la London lilimtunuku nishani ya Copley.

Mwaka 2018 Tuzo ya Nobel ya kemia ilimwendea, pamoja na wengine, Mmarekani Frances Arnold, aliyeonyesha jinsi ya kuvifunza vimeng'enya kazi ambazo maumbile hayakuvipa, pamoja na ule uoksidishaji wa mahali pagumu uliomsumbua Reichstein. Viwanda vya dawa vimekuwa vikiziacha kromiamu na pamanganeti kidogo kidogo, ingawa bado havijaachana nazo.

Reichstein alimwoa Henriette Louise Quarles van Ufford, Mholanzi, mwaka 1927, nao walijaliwa binti. Alipofariki alikuwa ameishi miaka mingi kuliko mshindi yeyote wa Nobel aliyemtangulia, rekodi iliyodumu hadi ilipovunjwa na Rita Levi-Montalcini wa Italia.